Miaka Sitini Kwenda Juu

Mama yangu alichuma chai kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kuiona. Maneno hayo ni yake, si yangu. Mchumaji, alivyonieleza, huona kichaka kinachogusa tumbo lake, cha mkono wa kulia na cha mkono wa kushoto, na akiinua macho anaona kikapu cha mwenzake aliye mbele. Akiyainua mara nyingi, nyapara atamuuliza kama amekuja kazini au amekuja kutalii. Basi akaichuma chai ya watu tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipogoma, akarudi nyumbani kwetu upande wa Bomet kuangalia ng'ombe wake wawili, na kichwani hakubaki na picha nyingine ya ile chai ila majani mawili na chipukizi, tena kwa karibu.

Hayo sikuyajua mpaka Disemba ya mwaka ule wa korona. Habari zilitufikia kwamba watu wa michezo wameleta mitambo yao kwenye uwanja mmoja kule juu Kericho, katikati ya mashamba ya chai: farasi wa kuzunguka, treni ya watoto, majumba ya kurukaruka yaliyojazwa hewa, na gurudumu refu la kubeba watu mpaka juu. Binti yangu wa miaka minane alikuwa nyumbani tangu Machi, shule zilipofungwa. Alikuwa ameshasoma kila karatasi iliyokuwa ndani ya nyumba, pamoja na maandishi ya magunia ya mbolea. Nikamwahidi kumpeleka. Mama alikuwa amekaa kando ya jiko akipepeta maharagwe, na mimi nilidhani hasikilizi.

"Hiyo kurudumu," akasema. "Mtu akiwa juu anaona wapi?"

"Kila mahali, kogo," mjukuu wake akamjibu; kogo kwetu ni bibi.

"Hata chai?"

"Chai yote."

Mama akaendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini. "Basi mimi pia naenda. Nataka kupanda hiyo kitu mara moja, niangalie ile chai yote, kabla macho haijaisha."

Hapo lazima niseme ukweli kuhusu nafsi yangu. Mimi ni mtu wa sheria. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, ni binti kitinda mimba, na ndiye niliyebaki nyumbani na Mama baada ya wengine kuoa na kuolewa. Tangu Machi nilikuwa nimemfungia mama yangu. Ana presha, ana sukari, na redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba watu wa aina yake ndio wanaochukuliwa kwanza. Kwa hivyo nilimkataza kanisa, nikamkataza soko, nikamkataza matanga, hata ya rafiki yake wa tangu utotoni. Majirani walimsalimia kutoka nje ya ua, nami nilisimama mlangoni nikipima kwa macho kama wanakaribia. Niliendesha boma lile kama darasa la watoto watundu.

Mama alinitii. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu si mtu wa kutii. Alianza kulala mchana. Aliacha kubishana na redio, yeye ambaye alikuwa akiwajibu wasomaji wa habari kana kwamba wamekaa naye mezani. Tena macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na upasuaji aliokuwa amepangiwa ukaahirishwa, kwa maana hospitali zilikuwa zikipokea wagonjwa wa dharura tu. Tulisubiri kuitwa, hatukuitwa. Asubuhi moja nilimkuta akimimina maziwa kando ya kikombe, na yanatiririka mezani, naye ameinamisha uso karibu kabisa akijaribu kuelewa ni kwa nini kikombe hakijai.

Kwa hiyo aliposema anataka kupanda gurudumu, nilisema hapana kwa mazoea, kisha nikayakumbuka yale maziwa. Tulivutana siku mbili. Mwishowe nilikubali aje, lakini nikakataa asipande. Angekaa mahali penye hewa, angemwona mtoto akifurahi, na tungerudi mapema kabla ya mvua.

"Sawa, mwalimu," akasema. Mama huniita mwalimu akiwa amenikasirikia.

Na kwa kuwa nimeutaja ualimu, acha nieleze jambo moja ambalo bila hilo kisa hiki hakieleweki. Kwetu Wakipsigis, p na b ni ndugu wa tumbo moja, na mgeni anaweza kukaa miaka akashindwa kutambua yupi ni yupi. Barakoa huwa parakoa. Muuzaji akitaja bei, unaweza kudhani anataja pei. Z nayo hugeuka s, na g ikiwa mwanzo wa neno hupenda kuwa k. Sisi wenyewe tunaelewana bila shida, lakini mitihani haielewi, na mimi nimetumia nusu ya maisha yangu nikiwa nimesimama mbele ya watoto, karatasi imening'inia mbele ya midomo yangu, nikiwaonyesha jinsi p inavyoipeperusha na jinsi b inavyoiacha imetulia. Nyumbani nilimsahihisha Mama pia. Alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha akisema parakoa.

Tulifika uwanjani kama saa nne asubuhi kwa kigari changu kikuukuu. Sijawahi kuona umati kama ule tangu kuzaliwa, na nadhani ni kwa sababu watu walikuwa hawajaonana tangu Machi. Walikuwa wametoka Bomet mjini, wametoka Soin kwenye joto, na kuna mama mmoja aliyeniambia ameamka alfajiri huko Chebunyo na watoto watano. Langoni kulikuwa na mitungi ya maji yenye kikanyagio cha mti: unakanyaga chini, mtungi unainama, unanawa bila kugusa chochote. Nilikikagua kile kifaa kama mwalimu anayetafuta kosa, nikalikosa. Aliyekitengeneza alikuwa amekifunga kwa mpira wa baiskeli na kukipimia urefu wa aina mbili, wa watu wazima na wa watoto.

Mlinzi wa lango alikuwa na kipima joto kile kinachofanana na bastola. Akamwelekezea Mama kwenye paji la uso, akasoma, akatikisa kile kifaa, akasoma tena. "Mama uko baridi sana," akasema kwa heshima. "Uko na miaka ngapi?"

"Hamsini na nane," Mama akajibu bila kupepesa jicho.

Sijui ni shetani gani aliyeniingia. Nadhani ni ule ualimu. "Sitini na tisa," nikasema.

Mlinzi akatuangalia kwa zamu. "Sasa ni ngapi?"

"Uliza huyu," Mama akasema. "Yeye ndiye alinizaa."

Sheria ya pale, iliyobandikwa langoni, ilikuwa kwamba wenye miaka sitini kwenda juu wanaruhusiwa kuingia lakini hawaruhusiwi kupanda chombo chochote. Walifungwa uzi wa manjano mkononi na kuonyeshwa banda la mabati walilojengewa makusudi nyuma ya gurudumu. Mama alinyosha mkono ukafungwa uzi. Hakunitazama. Niliona aibu kidogo, lakini nilijiambia kwamba afya si jambo la kubembelezana.

Lile banda lilikuwa safi, viti vimeachana, na chai ya maziwa ilikuwa ndani ya chupa kubwa, kila mtu na kikombe chake. Ila wazee waliokaa mle walikuwa kama wanafunzi waliozuiwa kwenda mapumziko. Walisikia watoto wakipiga kelele upande wa pili, na wao wenyewe hawakuona ila injini ya gurudumu na vyuma vya chini. Mama akakaa kwenye kiti cha mwisho, mikono juu ya mapaja. Nilimletea chai, akaniambia asante, mwalimu.

Mimi na binti yangu tukaenda kwenye foleni ya gurudumu. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda ule umati. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imefuta duara za chokaa zilizochorwa kwenye nyasi kuonyesha watu wasimame wapi, na nilitazamia fujo. Lakini mbele yetu kulikuwa na wanawake wachumaji, nikawajua kwa mikono, maana utomvu wa chai huacha weusi kwenye vidole usiotoka kwa sabuni. Wengine walikuwa wa kwetu, wengine watu waliokuja zamani kutoka milima ya magharibi kufanya kazi mashambani, wote na barakoa za kitenge walizojishonea. Mmoja akageuka, akanyosha mkono wake, akapaza sauti, "Kila mtu na laini yake!"

Foleni yote ikajinyosha. Sikuamini. Watu mia na zaidi wakarudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akijipimia mkono mmoja na kikapu kimoja hata kama hana kikapu. Baadaye Mama alinieleza. Shambani mchumaji hupewa mistari yake, na anayeingia mstari wa mwenzake anamwibia majani, yaani anamwibia kilo zake, kwa hiyo mtu hujifunza mapema kuhisi mgongoni kama amekaribiwa kupita kiasi. Redio ilikuwa imetupigia kelele miezi tisa kuhusu umbali wa mita moja unusu, na kumbe kulikuwa na watu wanaouishi maisha yao yote bila kuambiwa na mtu. Nilisimama kwenye laini yangu nikiwa na adabu ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuniona nayo.

Na fundi wa gurudumu naye! Alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni wa pande zetu, mwenye ovaroli iliyofuliwa na kupigwa pasi. Kila kikapu cha gurudumu kilipofika chini, alikinyunyizia dawa, akafuta kiti, akafuta chuma cha kushikilia, akafuta komeo, ndipo akasema karibu. Familia moja kikapu kimoja, na mtoto lazima awe na mtu mzima wake. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyemharakisha. Sauti pekee ya haraka ilikuwa ya mtangazaji, kijana wa kwetu aliyevaa gambuti za mvua, aliyesimama juu ya kreti na kipaza sauti akiwaomba watu, kwa upole sana, wavae parakoa vizuri na wasiteme mate chini.

Tulipobakiza familia tatu mbele yetu, Mama akatokea. Alikuwa amechoshwa na banda, akasimama kando ya foleni, mbali kidogo, akaomba amtazame mjukuu wake akipanda. Sikuwa na moyo wa kumrudisha. Wakati uleule upepo wa baridi ukapita, nikatazama juu nikaona wingu jeusi limeshakaa kwenye kilima, vile Kericho inavyofanya kila siku baada ya saa sita kana kwamba imeajiriwa. Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka. Sweta zetu zilikuwa garini.

"Mama, simama naye hapa unishikie nafasi," nikasema. "Nakuja sasa hivi. Usisogee."

Nilikuwa nimefungua mlango wa gari niliposikia kipaza sauti. Mtangazaji alikuwa ameona wingu, na kwa huruma yake akawafikiria wale wenye uzi wa manjano waliotawanyika uwanjani kutazama wajukuu, wasije wakanyeshewa.

"Wasee!" akaita. "Wasee wa miaka sitini kwenda juu, panda! Panda, wasee, haraka! Sitini kwenda juu, panda!"

Mimi nilisikia banda, kwa kuwa mimi ni Mkipsigis na masikio yangu yamezoea. Nilichukua sweta, nikafunga gari, nikarudi bila wasiwasi. Nilipofika kwenye foleni nikakuta nafasi yetu imechukuliwa na familia nyingine. Nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto. Kisha nikasikia sauti ya binti yangu ikiniita, na ilikuwa ikitoka juu.

Walikuwa wameshafika nusu ya njia. Mama alikuwa amekaa wima, mkoba wake mapajani, mkono mmoja kwenye chuma, kama mtu aliyekaa benchi la mbele kanisani. Nikamwendea fundi.

"Mteremshe yule mama!"

"Madam, hii kitu haishuki nusu. Lazima izunguke imalize."

"Nani amemruhusu? Hukuona uzi wa manjano?"

"Niliona. Lakini spika imesema wazee wapande."

"Imesema banda!"

"Hapana, imesema panda."

"Ni banda, b! B ya baba!"

"Mimi nimesikia panda," akasema kwa utulivu, akiendelea kufuta kiti. "Sitini kwenda juu, panda. Na kuna mtoto alikuwa hana mtu mzima, na mama akasema ni wake, na spika imemwita." Akaonyesha juu kwa kitambaa chake. "Si ndiyo huyo ameenda juu."

Nikamkimbilia mtangazaji. Nilimwambia kwamba ametuletea balaa, kwamba ametangaza panda. Alinitazama kwa mshangao. "Ndiyo, mwalimu," akasema, maana walimu tunajulikana tu. "Nimesema panda."

"Hilo ndilo kosa!"

"Kosa gani? Mvua inakuja. Nimewaambia waende panda. Ile ya mabati."

Nilifungua mdomo kumwonyesha p na b, nikakumbuka nimevaa barakoa na hakuna karatasi wala midomo ya kuonyesha. Hapo nikaona macho yake yamenipita. Nikageuka. Wazee walikuwa wakitoka kwenye lile banda. Walikuwa wamesikia wenyewe, wakaulizana, wakaafikiana kwamba wameitwa, na sasa walikuwa wakija kwenye gurudumu, mmoja nyuma ya mwingine, na fimbo zao na nyuzi zao za manjano, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Mbele yao alitangulia mzee mwenye kofia ya sufu na koti la suti, akitembea polepole kama mgeni wa heshima. Na wale wachumaji waliokuwa wa kwanza kwenye foleni, waliosimama pale tangu asubuhi, wakarudi nyuma wote, bila kuambiwa, wakawapa laini.

Mtangazaji akaelewa. Alicheka mpaka akashuka kwenye kreti, akainama, akashika magoti. Kisha akapanda tena, akakohoa kidogo, akarekebisha barakoa yake. "Haya," akaniambia kabla ya kuwasha kipaza sauti. "Imekuwa panda."

Sitasahau nusu saa ile. Gurudumu lilisimama kila kikapu kilipofika chini, kwa sababu mzee hapandi kama kijana: anampa mtu fimbo, anageuka, anaketi, anaomba fimbo yake. Fundi alinyunyiza na kufuta, akanyunyiza na kufuta, hakuruka hata kiti kimoja. Na kwa kuwa wao walikuwa wakipanda polepole chini, Mama alikuwa amesimamishwa juu kabisa. Wingu likasogea mpaka likafika karibu kutuangukia, likabadili nia, likaelekea upande wa Sotik.

Mimi nilikuwa chini na sweta nyekundu ya mtoto mkononi, nikiipunga kama mtu anayefukuza ndege. Niliona Mama ameteremsha barakoa mpaka kidevuni. Nikapiga kelele, "Vaa barakoa!" na sauti yangu ikaishia kwenye injini. Kikapu kiliyumba. Binti yangu alikuwa amenyosha mkono akionyesha kitu mbali, kisha kingine, na uso wa Mama ukawa unaufuata ule mkono mdogo, huku na huku. Nilimpenda sana wakati ule na nilitaka kumgombeza, vyote pamoja. Mchumaji mmoja aliyekuwa karibu nami akaniuliza kama yule ni mama yangu. Nikasema ndiyo. "Anakaa vizuri," akasema. Nilitaka kujivuna lakini nilikuwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, sweta ikipepea usoni.

Niseme kilichokuwa moyoni. Tangu Machi, kila Mama alipokohoa nilisimama nje ya mlango wa chumba chake mpaka nisikie pumzi imerudi sawa. Niliosha vitasa vya milango. Niliota nikiwapigia ndugu zangu simu nikiwaambia, na katika ndoto walikuwa wakiniuliza swali moja tu: wewe ulikuwa wapi? Sikumwambia mtu. Nilidhani huko ndiko kulinda, na mlinzi halalamiki.

Walipofika chini, fundi akawafungulia. Mama akamshukuru, akapandisha barakoa yake bila kuambiwa, akatembea hadi kwenye nyasi akaketi. Mtoto akakimbilia treni iliyokuwa mbele yetu palepale. Nikaketi kwa umbali unaotakiwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini swali lililotoka lilikuwa la mwalimu.

"Mama, ulisikia panda au banda?"

"Nilisikia mtu wa kwetu anaita wazee juu ya mvua," akasema.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua. Tangu lini sijui Kiswahili yetu? Lakini wewe si umenifundisha miaka yote p ni p, haiwezi kuwa b? Nikasema leo wacha nifuate mwalimu."

Nimekaa darasani miaka mingi na sijawahi kufungwa goli safi kama lile. Nikacheka, na yeye akacheka, na nikatambua kwamba sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu kabla ya korona.

"Na chai?" nikauliza. "Umeiona?"

Akatazama upande lilipo shamba, ingawa pale tulipokuwa tumekaa hapakuwa na cha kuona ila ua na watu. "Nimeona kijani tu," akasema. "Kijani, kijani, inaenda mpaka inashikana na mawingu. Vichaka sikuona, macho imekataa. Mtoto ndiye ameniambia, kogo, hapo ni kiwanda, hapo ni nyumba za wafanyakazi, hapo ni barabara. Mimi nilikuwa nafikiria nimemaliza hiyo shamba kuchuma. Kumbe hata pembe moja sikumaliza." Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeambiwa kwamba mali yake ni kubwa kuliko alivyodhani.

"Pole, Mama. Tungekuja mapema, kabla macho hayajafika hapa."

"Pole ya nini? Nilitaka kuona ni kubwa namna gani, na nimeona." Akanisogelea, akauvunja ule umbali wangu wote, akakaa bega kwa bega nami. "Lakini hata wewe nimekuona. Uso sikuona. Nimeona nyekundu inapepea huko chini, ndogo sana, nikauliza mtoto, hiyo ni nini? Akasema, ni mama, ameshika kichwa. Hapo juu mimi sikuwa naogopa hata kidogo. Nikasema, kumbe huyu mtoto wangu ndiye anaogopa. Amekaa na hiyo woga peke yake tangu Machi, na hakuna mtu amemuuliza."

Nilijaribu kumwambia kwamba siogopi, kwamba ni sheria tu. Nililia pale kwenye nyasi, mbele ya umati mzima, mpaka barakoa ikalowa na kunibana pua. Mama akafungua mkoba wake, akatoa leso, ile anayojifutia mikono akitoka kukamua, akanipa. Niliishika, sikuuliza kama imefuliwa, nikavua barakoa, nikajifutia uso wote.